Matofali Mawili Chini ya Kitanda

Alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo alibeba matofali. Yalikuwa matofali ya udongo wa kuchoma, yamepakwa chokaa na kuandikwa namba kwa rangi nyekundu. Mgonjwa akitoka chumba cha operesheni, awe amepasuliwa ngiri au amekatwa kidole kilichooza, kitanda chake kiliinuliwa upande wa miguuni na kila mguu wa kitanda upande ule ukawekewa tofali moja. Matofali mawili kwa kitanda, kwa siku tatu, miguu juu na kichwa chini. Hospitali zote za nchi zilifanya hivyo.

Wiki yake ya kwanza kazini aliwahi kumuuliza mkubwa wake sababu. Mkubwa akamtazama kama aliyeuliza kwa nini milango ina bawaba.

"Mwanangu," akamwambia, "hapa matofali hatuyaulizi. Tunayabeba."

Basi akabeba. Akabeba mpaka siku tofali namba 118 lilipomponyoka na kumvunja vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alipopona alikuwa anachechemea, na wakubwa wakaona wodi haimfai tena. Wakampeleka makao makuu ya wizara, ghorofa ya tatu, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mapazia. Mlangoni palikuwa na kibao: KITENGO CHA MAPITIO YA TAFITI.

Kazi ya pale ni rahisi kuieleza, ila kuifanya ndiyo shughuli. Wizara inauliza swali, kwa mfano kama dawa fulani ya kikohozi inatibu kikohozi. Kitengo kinakusanya kila utafiti uliowahi kuandikwa popote duniani kuhusu swali hilo, maelfu kwa maelfu. Kisha watu wawili wanausoma mmoja mmoja na kuamua: ndani au nje. Mbaya unatoka, usiohusika unatoka, uliopikwa unatoka. Zinazobaki zinapimwa uzito, zinajumlishwa, na jibu linapelekwa juu. Mama aliyepika chai ya ofisi alipomwona anatoa mia na kubakiza mmoja, akambandika jina la Mama Chekeche, na jina likakaa.

Mwenzake katika kuchekecha alikuwa mfamasia mstaafu, mzee mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kutafuta ule wa kusoma. Kanuni ilisema wachujaji wawili wasijue uamuzi wa mwenzao, ili mmoja asimwambukize mwingine makosa. Mfamasia aliishika kanuni hiyo kama roho yake. Alichukua pazia kuukuu la stoo akalitundika kati ya meza mbili. Hata kuguna alijizuia, maana aliamini kuguna ni ushawishi. Kikohozi kikimbana alitoka nje, akakohoa ukumbini, akarudi.

Nyumbani, kazi hiyo ilimfanya Mama Chekeche kuwa mtu mgumu kuishi naye. Mume wake alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na yeye alivumilia. Mama mkwe, aliyekaa nao chumba cha mbele, hakuvumilia. Siku moja jirani alikuja kusimulia jinsi kitunguu saumu kilivyomshusha presha. Mama Chekeche akauliza, "Mlikuwa wangapi mliokula?"

"Mimi peke yangu."

"Na ambao hawakula, mlilinganishwa nao vipi?"

Jirani akaaga kabla ya chai. Mama mkwe akatikisa kichwa. "Nilimtafutia mwanangu mke," akasema, "nikamletea hakimu."

Mwaka wake wa sita pale, likaja swali. Wizara ilikuwa inajenga hospitali mpya, na kabla ya kuagiza matofali ya vitandani, kijana mmoja wa idara ya mipango aliuliza kwenye barua: je, yanasaidia? Inasemekana aliandika hivyo kwa kutojua desturi za pale. Lakini swali likiwa limepigwa muhuri haliwezi kurudi.

Mkurugenzi wa Kitengo, bwana mpole aliyeogopa simu, aliwaita wachujaji wake wajaze fomu ya mgongano wa maslahi.

"Una maslahi yoyote na matofali?" akamuuliza Mama Chekeche.

Mama Chekeche akavua kiatu, akamwonyesha vidole. "Yaliniangukia."

Mkurugenzi alifikiri sana. Mwishowe akaandika: *Ana historia na matofali, lakini si ya mapenzi.* Akamruhusu.

Zilikuja tafiti elfu sita mia tatu na kumi na nane. Neno tofali, walivyogundua, limetembea sana katika elimu ya tiba. Kulikuwa na tafiti za mapafu ya wachoma matofali. Kulikuwa na wajawazito wanaotamani kula matofali, na mtu aliyeumwa na nyoka kwenye rundo la matofali halafu akaumwa na nyoka yuleyule alipokwenda kumwonyesha daktari rundo lenyewe. Zote nje. Kulikuwa na tafiti ishirini na tatu za vitanda vilivyoinuliwa, ila viliinuliwa upande wa kichwani, kwa ajili ya kiungulia. Nje. Mama Chekeche alisoma kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, na jioni akifumba macho aliona chokaa.

Ugomvi ulizuka mara moja tu, kuhusu utafiti namba 4,077. Ulihusu ng'ombe. Ng'ombe walioshindwa kuzaa vizuri walipasuliwa, wakainuliwa miguu ya nyuma kwa matofali mawili, na wakachunguzwa kwa uangalifu kuliko binadamu yeyote katika rundo lile. Mama Chekeche aliandika *nje*. Nyuma ya pazia, Mfamasia aliandika *ndani*. Wachujaji wakitofautiana, Mkurugenzi ndiye mwamuzi, naye akawaita wote wawili wajieleze.

"Mzee wangu," Mama Chekeche akasema, "huyu ni ng'ombe."

"Naona ni ng'ombe," Mfamasia akajibu. "Lakini mpango wetu tuliousaini umesema 'wagonjwa waliofanyiwa upasuaji'. Haukusema watu. Ng'ombe alikuwa mgonjwa, na alipasuliwa. Tukianza kusoma yasiyoandikwa, tutaishia wapi?"

Mkurugenzi alikaa na ng'ombe yule siku tatu. Alipiga simu moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Siku ya nne ng'ombe akatolewa, na Mfamasia akaomba pingamizi lake liwekwe kwenye kumbukumbu. Likawekwa.

Baada ya miezi minne zilibaki tafiti tatu. Ya kwanza ilikuwa na wagonjwa kumi na wanne: saba wenye matofali, saba wasio nayo, wote wakapona siku moja. Ya pili haikutumia matofali bali vitabu vinene, na katikati ya utafiti mtu alikuja kuvidai vitabu vyake. Ya tatu ilionekana nzuri. Wagonjwa tisini, na waliowekewa matofali waliruhusiwa kwenda nyumbani siku mbili mapema. Mama Chekeche akaisoma tena polepole, na kwenye ukurasa wa nne akakuta mstari mdogo. Daktari mwenyewe ndiye aliyechagua nani awekewe matofali, na aliwawekea wenye nguvu, kwa sababu wadhaifu walilalamika.

"Sasa hapo kilichoponya ni nini," akamuuliza mumewe wakati wa chakula, "tofali au nguvu zao?"

"Nguvu," mume akasema.

"Hatujui!" akasema Mama Chekeche kwa uchungu, na mama mkwe akainua sahani yake akahamia chumbani.

Kamati iliyopokea majibu iliongozwa na Profesa wa upasuaji, mzee mrefu mwenye sauti ya kuamsha wafu, ambaye nusu ya madaktari wa nchi walipita mikononi mwake. Mama Chekeche alisoma hitimisho akiwa amesimama: haijulikani kama matofali yanasaidia, yanadhuru, au hayafanyi kitu, utafiti bora unahitajika.

"Miezi minne," Profesa akasema, "mmekaa, mmesoma karatasi elfu sita, mkatuletea hatujui?"

"Ndiyo, Profesa. Lakini zamani tulikuwa hatujui kwamba hatujui."

"Ushahidi kwamba yanasaidia?"

"Hakuna wa kutegemewa."

"Ushahidi kwamba hayasaidii?"

"Nao hakuna."

Profesa akawageukia wajumbe, mikono ameipanua kama mizani. "Basi mambo ni nusu kwa nusu." Wajumbe wakaafiki kwa vichwa. Na kwa kuwa mambo yalikuwa nusu kwa nusu, kamati ikakata shauri kwamba matofali yapunguzwe kwa nusu: tofali moja kwa kila kitanda.

Mama Chekeche akanyoosha mkono. "Samahani, Profesa. Kitanda kina miguu miwili upande ule."

"Mama," Profesa akasema kwa upole, "hayo ni ya utekelezaji."

Waraka ukatoka. Hospitali nyingi zilitii kama ulivyo: tofali moja, mguu mmoja, kitanda kikasimama kama mbwa aliyeona mti. Nyingine zililiweka tofali katikati, mahali ambapo kitanda hakina mguu, likakaa tu sakafuni bila kazi. Hospitali moja ya mbali, ambayo vitanda vyake vilikuwa vya zege na havikuinuka, ilimkabidhi mgonjwa tofali lake alishike. Wakaguzi walipita na fomu yenye swali moja, *tofali: lipo au halipo*, na hospitali zote zikafaulu.

Miezi miwili baadaye mama mkwe alishikwa na maumivu ya ubavu, akakutwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, akapasuliwa. Saa ya kuona wagonjwa, Mama Chekeche na mumewe walimkuta amelala kimshazari, mkono mmoja umeng'ang'ania fremu ya dirisha.

"Shikamoo, mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Mkwe wangu, niambie kweli. Mimi nimelazwa au nimepakiwa?"

"Ni tofali, mama. Ni waraka."

"Lini nitashushwa?"

"Siku ya tatu."

"Siku ya tatu nitakuwa kitanda cha jirani. Litoe!"

Mama Chekeche akainama akatazama chini ya kitanda. Alilijua tofali lile, lilikuwa namba 64. "Mama," akasema, na baadaye aliona aibu kwa neno hilo, "sina ushahidi kwamba linadhuru."

"Ushahidi ni mimi ninayeteleza!"

Mume aliinama, akainua kitanda kwa bega, akalisukuma tofali kwa mguu. Kitanda kikatua. Mama mkwe akaachia dirisha, akashusha pumzi ndefu, akalala.

Metroni alifika mbio. Walifahamiana, alikuwa mwanafunzi wa Mama Chekeche enzi za wodi. "Dada, mnaniponza! Waraka ni waraka."

"Waraka huo umetokana na karatasi yangu," Mama Chekeche akasema. "Na karatasi yangu ilisema utafiti unahitajika. Tangu siku ile umeshaona mtu yeyote anaufanya?"

"Sijaona."

"Basi tuufanye sisi. Nusu ya wagonjwa wapewe matofali mawili kama zamani, nusu wasipewe. Asichague daktari, asichague muuguzi. Ichague kura."

Metroni akatazama vitanda vyake, vyote vimeinamia kushoto kama watu wanaosikiliza umbeya. "Niandikie," akasema.

Kamati ya maadili ilichukua wiki kumi na moja. Ilitaka kujua kama mgonjwa ana haki ya kukataa tofali (anayo), na kama tofali lina haki ya kupumzika kati ya wagonjwa wawili, swali ambalo baadaye ilionekana lilitokana na kosa la uchapaji. Halafu ikaweka sharti gumu. Mgonjwa asijue yuko kundi gani, kwa kuwa mtu akijua amepewa tiba hujisikia nafuu kwa kujua tu. Kwa hiyo wasiopewa matofali ya kweli wapewe matofali bandia.

"Tofali bandia ni lipi?" Metroni akauliza.

Mama Chekeche alikwisha kulifikiria. Aliporudi nyumbani alimpa mumewe vipimo, na fundi cherehani akawasha mashine. Alishona matofali sitini ya sifongo, akayavika turubai, akayapaka chokaa, akayaandika namba kwa nyekundu. Kwa macho hukuweza kuyatofautisha na ya kweli. Kitanda kikikaa juu yake yalibonyea kama maandazi na kitanda kikabaki sawa. Kila mgonjwa aliyekubali kushiriki alifunguliwa bahasha iliyofungwa, na kilichoandikwa ndani ndicho kilichomwendea chini ya kitanda. Hali za wagonjwa ziliandikwa kila asubuhi na kupelekwa kwa Mfamasia nyuma ya pazia lake, na Mfamasia hakujua nani ni nani. Alipotumiwa kwa bahati mbaya karatasi iliyotaja neno "sifongo" aliifunika kwa kofia yake, akatoka nje, akaomba ibadilishwe.

Siku za mwanzo zilikuwa za vituko. Mzee mmoja wa sifongo alimwita Metroni amshukuru. "Hivi mtu wa kwanza aliyebuni hili tofali alikuwa na akili gani? Naisikia damu inavyopanda!" Kitandani pa pili bibi mmoja, wa sifongo pia, alilalamika kwamba limemwinua mno, akaomba la saizi ndogo.

Miezi kumi na minne, hospitali tatu, wagonjwa mia nne na kumi na wawili. Siku ya kufungua hesabu walikaa wote chumbani, pazia limevutwa pembeni kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi. Vidonda vilipona sawasawa pande zote mbili. Homa, sawa. Siku za kurudi nyumbani, sawa. Kisha Mfamasia akasoma mstari wa kichwa kuuma. Katika mia mbili na sita wa sifongo, walioumwa sana na kichwa walikuwa thelathini. Katika mia mbili na sita wa matofali ya kweli walikuwa sabini na mmoja.

Mama Chekeche aliomba arudie. Akarudia. Akainuka akaenda dirishani.

"Ni matokeo mazuri," Mkurugenzi akasema kwa wasiwasi. "Si ndiyo? Ni jibu."

"Miaka ishirini na miwili," akasema bila kugeuka. "Walikuwa wananiambia, sista, kichwa. Nikadhani ni ile dawa ya usingizi. Nikawapa vidonge. Halafu nainama nahakikisha matofali hayajasogea."

Mama wa chai akaingia, akawatazama, akaacha birika akatoka.

Kwenye kamati, Profesa alisoma ripoti mara mbili, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza alivua miwani. "Nimefundisha matofali miaka thelathini," akasema, na sauti yake safari hii haikuamsha mtu. "Aliyenifundisha naye alifundishwa. Mlipokuja mwanzo niliwacheka." Akaifunga ripoti. "Yatoeni."

Waraka mpya ukaandikwa kwa haraka na ari, nao ukasema *matofali yote yaondolewe katika majengo ya hospitali*. Siku mbili baadaye simu ya Mkurugenzi ikalia. Alikuwa karani wa hospitali ndogo, mtu mtiifu, aliyetaka kujua waanze na ukuta upi. Wodi ya wanaume, alieleza, walikuwa tayari wameihamishia uwanjani. Mkurugenzi akakaa kitini bila kuweka chini simu, na marekebisho ya waraka yakaenda kwa pikipiki mchana uleule. Ukuta ulikuwa umepoteza mistari mitatu ya juu tu.

Mama mkwe alikuwa amepona siku nyingi na kurudi kwenye chumba cha mbele na umbeya wake. Wageni aliwasimulia kwamba alipasuliwa na kuponywa na mwanawe kwa teke moja. Kila akisimulia alimtupia mkwewe jicho, akingoja aulize walikuwa wangapi. Mama Chekeche hakuuliza. Alimmiminia chai.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Profesa alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Alikuwa amestaafu mwezi uleule. Alisimama mlangoni akihema, kofia mkononi.

"Nimekuja kuona mnavyochekecha," akasema.

Wakampa kiti. Swali lililokuwa mezani lilihusu kama ni lazima mgonjwa akae na njaa tangu jana yake kabla ya kupasuliwa. Mama Chekeche alimpa rundo dogo ajaribu. Alisoma kwa bidii, akinong'ona, akiandika *nje* kwa herufi kubwa kama anayetia saini mkataba. Karibu na saa tano akasimamisha kalamu. Alikuwa ameshika karatasi moja iliyochapwa kwa mashine ya zamani.

"Hii niliandika mimi," akasema.

"Naiona, Profesa."

"Nilikuwa kijana. Wagonjwa kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja."

"Na wa kulinganisha nao..." Akageuza ukurasa, akageuza tena. "Hawapo." Akachukua kalamu.

Mama Chekeche akaweka mkono juu ya karatasi. "Samahani sana, Profesa. Mtu haruhusiwi kuamua utafiti wake mwenyewe. Hata kuutoa."

Profesa akamtazama, akaitazama kalamu, akaiweka chini. Mama Chekeche akaisoma karatasi mwanzo hadi mwisho, bila kuruka neno, kama alivyosoma nyingine zote, akaandika uamuzi wake akaufunika. Karatasi ikapita chini ya pazia. Upande wa pili miwani ikabadilishwa, kisha kalamu ikasikika ikikwaruza, na uamuzi wa Mfamasia ukarudi chini ya pazia.

"Mmesemaje?" Profesa akauliza kwa sauti ya chini.

"Nje," Mama Chekeche akasema. "Sote wawili."

"Sawasawa," akasema Profesa. Akajimiminia chai kutoka kwenye birika, akanywa nusu kikombe, akavuta rundo jingine.